Barua ya Wazi Kuhusu Masharti ya Ualimu: Mwanafunzi Aambiwe Siku ya Kwanza

Kwa Waziri wa Elimu, Jogoo House;
Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, Upper Hill;
Kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Gigiri;
Kwa wakuu wa vitivo vya elimu katika vyuo vikuu vyetu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Mkuu wa Idara ya Lugha katika shule moja ya upili huku Eastlands, Nairobi. Kila mwaka, muhula wa pili unapofunguliwa, hunijia vijana watatu au wanne wenye bahasha mkononi, wamevalia makoti yaliyonunuliwa Gikomba wiki hiyo hiyo, nami huwagawia madarasa, vitabu na kiti cha pamoja kando ya dirisha. Ni wanafunzi wa shahada ya ualimu waliotumwa na vyuo vyao kwa mazoezi ya kufundisha. Nimewapokea kwa miaka mingi, na wengine kati yao leo ni walimu wenzangu.

Ninawaandikia kwa sababu ya swali ambalo vijana hao huniuliza wakishanizoea, kwa kawaida katika wiki ya tatu, tukiwa tumebaki wawili tu majilisini, yaani katika chumba cha walimu: "Mwalimu, hivi nikimaliza nitasajiliwa kweli?" Hawaulizi kuhusu kazi, kwa maana kazi wanajua ni foleni ya miaka. Wanachouliza ni kama serikali itawatambua kuwa walimu baada ya miaka minne ya masomo. Linalonisikitisha ni kwamba wanaliuliza wakiwa mwaka wa tatu, wakati ambapo jibu haliwezi tena kuwaokoa.

Masharti yenyewe si siri, wala si mengi. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kimeipa TSC jukumu la kuwasajili walimu waliofunzwa, na Sheria ya TSC ya 2012 inamkataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa. Anayetaka kufundisha katika shule ya upili kwa shahada hutakiwa awe alipata wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, pamoja na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Kisha awe na shahada ya ualimu, au shahada ya fani nyingine aliyoiongezea stashahada ya uzamili katika elimu. Baada ya hapo kuna cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, fomu ya daktari iitwayo GP69, nakala za matokeo, picha na ada. Mimi sina ugomvi na C+. Mtu aliyeishinda Jiografia kwa shida akiwa mwanafunzi ataifundisha kwa shida zaidi akiwa mwalimu, na wanaodai sharti hilo ni la ubaguzi sijawahi kuwaelewa. Ugomvi wangu ni kuhusu siku ambayo sharti hilo hukaguliwa.

Niruhusuni nieleze kisa kimoja, ambacho nakijua kwa sababu kilitokea nyumbani kwetu. Mpwa wangu alipata wastani wa B- katika KCSE: Kiswahili B+, Dini B, Historia C. Akapata nafasi ya kusomea ualimu wa masomo ya sanaa katika chuo kikuu fulani. Wanaojua mambo ya vyuo wanafahamu kwamba mwanafunzi wa kozi hiyo mara nyingi hupewa nafasi kwa jina la jumla, kisha huchagua masomo yake mawili ya kufundisha baada ya kuripoti. Alitaka Kiswahili na Dini. Siku ya kujiandikisha aliambiwa kwamba ratiba ya Dini inagongana na ya Kiswahili, na kwamba wenzake wengi wamechukua Historia, naye achukue Historia. Akachukua. Hakuna aliyefungua cheti chake cha KCSE kutazama kwamba katika Historia alikuwa na C. Kilikuwa pale pale mezani, ndani ya faili yake, kimepigwa muhuri wa kuthibitishwa.

Akasoma miaka minne. Alifaulu Historia chuoni, tena vizuri. Alifanya mazoezi ya kufundisha Historia muhula mzima na akapewa alama ya juu. Alivaa joho, tukapiga picha, tukachinja mbuzi kwa dadangu. Miezi kadhaa baadaye alituma ombi la usajili, nalo likarudi: somo lake la pili halikufikia kiwango. Simlaumu aliyelirudisha, kwani kanuni ilimfunga mikono. Lakini nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyepaswa kumwambia binti huyu, katika wiki yake ya kwanza chuoni, neno moja tu: hapana.

Nikitazama kwa utulivu naona chanzo chake. Shahada hutolewa na chuo, ilhali ualimu hutolewa na TSC. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, programu za vyuo huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Usajili wa mwalimu uko chini ya TSC. Sera iko chini ya Wizara. Kwa hiyo mlango wa kuingilia una bawabu wake, na mlango wa kutokea una bawabu mwingine, na kila mmoja ana orodha yake. Kinachoshangaza ni kwamba Katiba iliyaona haya mapema. Kifungu hicho hicho cha 237 kinaitaka TSC ikague viwango vya elimu na mafunzo ya watu wanaoingia katika ualimu, itazame mahitaji ya walimu na idadi yao, na kuishauri serikali ya kitaifa kuhusu mambo ya taaluma ya ualimu. Hakikusema ingoje wafike mlangoni kwake wakiwa na vyeti mkononi. Kutoka Jogoo House hadi Upper Hill ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja, hata ukipumzika Uhuru Park.

Ombi langu la kwanza, basi, ni fomu. Najua nchi yetu haina upungufu wa fomu, lakini hii moja haipo. Mwanafunzi anapochagua masomo yake mawili ya kufundisha, ajaze karatasi yenye gredi zake za KCSE katika masomo hayo, karatasi hiyo itiwe sahihi na kitivo, kisha ipelekwe TSC kabla muhula wa kwanza haujaisha. TSC imjibu kwa maandishi: mchanganyiko huu wa masomo unakubalika, au haukubaliki kwa sababu hizi. Akikubaliwa, apewe namba ya muda ya mwalimu mwanafunzi, itakayogeuka kuwa namba kamili atakapohitimu na kutimiza mengine yaliyosalia. Akikataliwa, bado ana karibu miaka minne mbele yake ya kubadilisha somo au kozi. Chuo kitakachomsajili mwanafunzi katika somo lisilokubalika baada ya kujibiwa hivyo kirudishe karo. Sehemu hii ya mwisho najua haitawafurahisha wakuu wa vitivo, lakini ndiyo itakayofanya cheti cha KCSE kifunguliwe.

Jambo la pili ndilo lililo karibu zaidi na kazi yangu, nalo ni mazoezi ya kufundisha yenyewe. Miongoni mwa karatasi zote ambazo kijana huwasilisha ili asajiliwe, hakuna hata moja inayoeleza alifundishaje alipokuwa mbele ya watoto, isipokuwa gredi moja iliyojificha katikati ya nakala ya matokeo. Kuna daktari anayethibitisha kwamba ana afya na polisi anayethibitisha kwamba hana rekodi ya uhalifu. Wa kuthibitisha kwamba anaweza kufundisha hatafutwi.

Hebu niwaeleze jinsi mazoezi hayo yanavyokuwa kwetu. Muhula wa pili una wiki zipatazo 14. Mwalimu mwanafunzi hufika wiki ya kwanza ikiwa imekwisha au inakwisha. Hupewa wiki moja ya kutazama na kuandaa azimio la kazi. Katikati kuna likizo fupi, kuna michezo, na mwishoni kuna mitihani ambayo huchukua karibu wiki mbili na usahihishaji wake. Ukitoa yote hayo, muda aliofundisha kwa kweli ni kama nusu ya muhula anaouandika kwenye wasifu wake. Na kwa wengi wao, nusu hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu waanze shahada kusimama mbele ya watoto halisi; awali walifundishana wenyewe kwa wenyewe katika ukumbi wa chuo, mmoja akijifanya mwalimu na wengine wakijifanya watoto watiifu. Watoto wa Eastlands si watiifu hivyo.

Namkumbuka kijana mmoja aliyezijua ngeli kuliko mimi. Angeweza kukueleza asili ya kila kiambishi. Siku yake ya kwanza aliwapa watoto mgongo, akaandika ubaoni dakika 40 bila kugeuka, na kengele ilipolia alikuwa amejaza ubao mara mbili na darasa zima likichora katuni. Hakuwa mvivu, andalio lake la somo lilikuwa la kupigiwa mfano. Ilimchukua wiki tano kujifunza kugeuka, kunyamaza, na kumngoja mtoto anayefikiri. Alipokuwa ndiyo kwanza anakuwa mwalimu, muhula ukaisha, akarudi chuoni kufanya mitihani ya nadharia.

Wahadhiri wanaokuja kuwakagua nawaheshimu, na najua magari na marupurupu yao ni tatizo la kila mwaka. Hata hivyo nimeshuhudia mhadhiri wa Kemia akikagua somo la ushairi, na nimeshuhudia mkaguzi akiketi dakika 20 za kipindi cha dakika 40, akajaza fomu akiwa amesimama mlangoni, akaondoka kuwahi shule nyingine kabla ya msongamano wa Jogoo Road. Mimi niliyekaa na kijana huyo muhula mzima, nikasoma maandalio yake na kusahihisha usahihishaji wake, hujaza fomu ya ukurasa mmoja ambayo sijawahi kuambiwa ina uzito gani katika alama zake.

Naomba mazoezi yaanze mwaka wa kwanza, hata kama ni siku moja kwa wiki ya kutazama tu, katika shule iliyo karibu na chuo. Mwaka wa pili mwanafunzi asaidie: asahihishe, afundishe kikundi kidogo, akae na mtoto anayechelewa kusoma. Muhula kamili uje baadaye, akiwa amekwisha kuzoea vumbi la chaki, na tathmini ya mwalimu mwenyeji iwe na uzito uliotangazwa, itiwe muhuri wa shule, na iwe miongoni mwa nyaraka za usajili. Sisi walimu wenyeji tupewe mafunzo mafupi ya kufanya kazi hiyo na tuondolewe vipindi vichache. Hatuombi malipo makubwa, ingawa, kusema ukweli, hata asante ya maandishi haijawahi kunifikia.

Pia ziko gharama. Kijana wa mazoezi hulipa karo ya chuo kama kawaida, kisha hujilipia chumba, nauli na chakula cha mchana kwa muhula mzima, huku akifanya kazi ya shule bila malipo. Ndiyo maana wengi hung'ang'ania Nairobi, ambako wana shangazi au rafiki wa kulala kwake. Shule zetu hujaa walimu wanafunzi watatu wanaogombania darasa moja, ilhali ziko shule katika kaunti za ukame ambazo zingewapokea kwa mikono miwili. Kama Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ingetenga kiasi cha muhula huo kwa anayekubali kwenda mbali, msongamano ungepungua bila kumlazimisha yeyote.

Cheti cha tabia njema kina hoja yake, fupi lakini nzito. Huombwa wakati wa usajili, yaani baada ya kuhitimu. Lakini mwanafunzi huyo amekwisha kuingia darasani na kukaa na watoto wetu muhula mzima katika mwaka wa tatu. Kwa miaka yote niliyowapokea, sijamwona hata mmoja aliyetakiwa na chuo chake aje nacho. Kama cheti hicho kipo kwa ajili ya kuwalinda watoto, na naamini ndivyo, basi kidaiwe kabla ya mazoezi, kisha kihuishwe wakati wa usajili.

Sasa nije kwenye masomo mawili. Sharti zima limejengwa juu ya mwalimu wa masomo mawili, na kwa shule ya upili ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 lilikuwa na mantiki. Lakini tangu 2023 tuna sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ambayo sasa ina masomo 9, na mara nyingi walimu wachache mno. Mwalimu aliyesomea Kiswahili na Historia hujikuta akifundisha Sayansi Jumuishi au Masomo ya Awali ya Kiufundi, ambayo chuo hakikumfunza wala usajili haukumpima. Wakati mmoja lilitolewa pendekezo kwamba shahada ya ualimu iondolewe, mwanafunzi asome shahada ya fani yake kwa miaka mitatu kisha aongeze mwaka mmoja wa ualimu. Wahadhiri walilipinga kwa nguvu, na mimi niliwaunga mkono, kwa sababu mwaka mmoja ungeyabana zaidi mazoezi ambayo tayari hayatoshi. Lakini kulipinga pendekezo hilo hakumaanishi kwamba tulipo panatosha. Vitivo vinapaswa kusema wazi ni kozi zipi zinamwandaa mtu kwa sekondari msingi na zipi kwa sekondari ya juu, na usajili utofautishe hivyo hivyo.

Na hapo ndipo haraka yangu inapotoka. Mwezi Januari 2026 watoto wa kwanza wa mfumo mpya wa umilisi, CBC, waliingia Gredi ya 10, wakagawanywa katika mikondo mitatu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ile ya sayansi za jamii, na ile ya sanaa na michezo. Kila mmoja amechagua masomo matatu ya mkondo wake. Watoto wa mwisho wa KCSE wataifanya mwaka 2027, kisha C+ tunayoijua itakoma kutolewa. Mtoto wa Gredi ya 10 aliye na ndoto ya kuwa mwalimu wa Kemia na Baiolojia amekwisha kuchagua masomo yake, na sisi walimu wake hatuna karatasi ya kumwonyesha inayosema usajili wa ualimu utamdai kiwango gani atakapomaliza Gredi ya 12. Tukimwacha achague kwa kubahatisha, atarudi miaka kadhaa baadaye na swali lile lile la majilisini.

Kuhusu mwaka wa uangalizi baada ya kuhitimu sitasema mengi, maana walimu tarajali, yaani wanagenzi, wamejisemea wenyewe barabarani na mahakamani. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mwalimu aliyekwisha kuhitimu na kusajiliwa hastahili kuajiriwa kama mwanagenzi. Mnisamehe nikisema kwamba kama tunaamini kijana anahitaji mwaka wa kushikwa mkono, wakati wake ni kabla ya cheti, akiwa bado mwanafunzi, na mazoezi niliyoyaeleza hapo juu yangeujaza mwaka huo na kubakiza.

Najua mabadiliko ya kanuni huhitaji vikao, maoni ya umma na gazeti rasmi, kwa hiyo naomba kwanza kile kisichohitaji sheria yoyote. Kabla KUCCPS, idara inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, haijafungua tena dirisha la kuchagua kozi, ofisi zenu tatu, yaani Wizara, TSC na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, zitoe ukurasa mmoja wa pamoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, wenye masomo yanayokubalika kwa jozi, gredi inayotakiwa katika kila somo, nyaraka zitakazodaiwa na mwaka ambao kila moja itadaiwa, na sahihi zenu zote tatu chini yake. Shule yangu ina mashine ya kunakili inayofanya kazi siku nyingi za wiki. Nitatoa nakala za kutosha kwa kila mtoto wa mwaka wa mwisho, na nakala moja nitaibandika majilisini, kando ya lile dirisha wanapoketi walimu wanafunzi.

Mpwa wangu, kwa kuwa huenda mngependa kujua, amerudi chuoni kusoma kozi za Dini moja moja, kwa karo anayoitafuta kwa kuwafunza watoto wa majirani jioni. Bado hajaweza kuhakikishiwa na yeyote, kwa maandishi, kwamba akizimaliza zitamtosha.

Wenu mtiifu,

Mkuu wa Idara ya Lugha,
Shule ya upili, Eastlands,
Nairobi.